Barabara Ipo Kwenye Simu, Lakini Inapitika?

Usiku wa Septemba 30, 2022, mjini Hickory katika jimbo la North Carolina, Marekani, baba mmoja alikuwa akirudi nyumbani kutoka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binti yake. Mvua ilikuwa ikinyesha, giza limetanda, na mtaa ule hakuuzoea, kwa hiyo alifuata ramani ya Google iliyokuwa kwenye simu. Ramani ikampeleka kwenye daraja la kijito cha Snow Creek. Daraja hilo lilikuwa limebebwa na maji tangu mwaka 2013. Gari liliporomoka kiasi cha mita sita, likatua kijitoni, na yeye akafa maji.

Askari wa doria wa jimbo walipofika hawakukuta kizuizi wala kibao cha onyo. Mwaka uliofuata familia ilifungua kesi dhidi ya Google na dhidi ya kampuni za pale zilizohusika na eneo hilo. Hati ya madai inasema kwamba mwaka 2020 mkazi wa Hickory aliiarifu Google kuwa daraja halipo, lakini njia ile ikaendelea kuonyeshwa kwenye ramani.

Novemba 24, 2024, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, wanaume watatu waliokuwa wakienda harusini walipanda na gari lao kwenye daraja la Mto Ramganga, kati ya Budaun na Bareilly, wakiongozwa na simu. Daraja lilikuwa halijakamilika na sehemu yake ilikwisha kuchukuliwa na mafuriko. Wote watatu walikufa. Polisi wakafungua jalada dhidi ya wahandisi wa idara ya ujenzi ya jimbo, na afisa wa Google akahojiwa.

Mikasa hii imetokea katika mabara mawili, kwenye barabara zisizofanana kabisa, ila kosa ni lilelile. Simu iliulizwa njia iko wapi, ikajibu vizuri. Hakuna aliyeiuliza kama njia inapitika, na hata ingeulizwa, haikuwa na habari. Dereva ndiye aliyeunganisha maswali hayo mawili kichwani mwake, akadhani amejibiwa yote. Hatari ninayotaka kuizungumzia iko hapo, na inatuhusu sana sisi tunaoendesha magari katika nchi ambazo barabara moja huwa ni barabara mwezi Januari, na mwezi Aprili ikawa mto.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo GPS yenyewe. Wengi wetu tunadhani kule juu kuna jicho linalolifuata gari letu. Haiko hivyo. Satelaiti za GPS, ambazo zinaendeshwa na jeshi la Marekani, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mfumo ulibuniwa uwe na satelaiti zisizopungua 24 zinazofanya kazi. Kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, basi. Simu hupokea matangazo ya satelaiti nne au zaidi, hulinganisha muda ambao kila tangazo limetumia kufika, kisha hukokotoa mahali ilipo yenyewe. Satelaiti haijui kama upo, wala haijui barabara ni kitu gani. Hadi mwaka 2000 jeshi lilikuwa likiyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kosa lingeweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe, na ulipozimwa Mei 2 mwaka huo, vifaa vya kuongozea magari vikapata soko duniani kote. Tangu siku hiyo mashine inajua jambo moja kwa uhakika mkubwa: mahali ulipo.

Yaliyobaki yote yametoka kwa watu. Barabara, jina la mtaa, kona, daraja, kivuko, kila kimoja kuna mtu aliyekichora, pengine kutoka kwenye picha iliyopigwa angani, pengine kutoka kwenye ramani ya serikali ya miaka mingi iliyopita, pengine baada ya kupita hapo mwenyewe. Juu ya mchoro huo ndipo inapofanyika hesabu ya kutafuta njia fupi. Msingi wake ulifikiriwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akiwa ameketi mkahawani mjini Amsterdam bila kalamu wala karatasi, na akauchapisha mwaka 1959. Kila kipande cha barabara hupewa gharama, iwe ni kilomita au dakika, na mashine hutafuta mfuatano wa vipande wenye jumla ndogo kuliko yote. Hesabu hiyo haina kasoro. Tatizo huwa kwenye zile gharama zilizojazwa.

Na gharama zinajazwaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kuangalia simu nyingine zinakwenda kwa kasi gani. Simu nyingi zikitambaa pamoja, mashine huhesabu kuwa kuna foleni. Februari 2020 msanii wa Berlin, Simon Weckert, alitoa video iliyolionyesha jambo hili waziwazi: alijaza simu 99 kwenye kigari kidogo cha kuvuta kwa mkono, akatembea nacho taratibu kwenye barabara iliyo wazi, na ramani ya Google ikaipaka barabara hiyo rangi nyekundu ya foleni. Magari hayakuwepo.

Sasa fikiria kinyume chake, yaani barabara isiyopita simu hata moja. Labda ni barabara nzuri tu, tulivu, ambayo wachache wanaijua. Labda ilikufa miaka kumi iliyopita na wenyeji wameiacha kwa sababu wanazozijua wao. Kwa mashine, barabara hizi mbili ni kitu kimoja: kimya. Haina foleni, ni fupi, imechorwa, kwa hiyo inafaa. Ukielewa hapo utaelewa kwa nini vifo vingi vya namna hii vimetokea porini na jangwani, mbali na miji.

Wahifadhi wa Death Valley, hifadhi ya taifa huko California, wana msemo wao kwa ajali hizi. Wanaziita kifo cha GPS. Ni bonde ambalo Julai 10, 1913 lilipimwa joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi, na limejaa njia za migodi ya zamani ambazo zilibaki kwenye ramani muda mrefu baada ya migodi kufungwa. Agosti 2009 mama mmoja na mwanawe wa miaka sita walikwama mchangani kwenye njia ya aina hiyo. Walikaa siku tano. Mhifadhi alipowafikia, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Baada ya hapo uongozi wa hifadhi ulilazimika kuzungumza na kampuni za ramani ili njia zilizokufa zifutwe, na mpaka leo hifadhi inawatahadharisha wageni kwamba vifaa hivi haviaminiki maeneo ya mbali kama yale.

Mkasa ambao mimi binafsi siwezi kuusahau ni wa Machi 2011. Mume na mke kutoka British Columbia, Kanada, walikuwa wakiendesha gari kwenda Las Vegas kwenye maonyesho ya biashara. Walipofika jimbo la Idaho waliamua kuacha barabara kuu na kukatisha kuelekea Nevada, wakafuata kifaa cha GPS walichokuwa nacho. Kiliwaingiza kwenye njia za msituni, milimani, wakati theluji bado haijayeyuka. Gari likazama kwenye tope. Siku ya tatu mume alimwacha mkewe garini akaenda kutafuta msaada, na alikishika kifaa kilekile kimwonyeshe mji wa karibu ulipo. Mke alibaki na vitafunio vichache na maji ya kijito. Wawindaji walimkuta mwanzoni mwa Mei, baada ya wiki karibu saba, akiwa hai kwa shida. Mabaki ya mume yalipatikana mwaka uliofuata, mlimani.

Nimesema siwezi kuusahau kwa sababu ya uamuzi ule wa siku ya tatu. Kifaa kilikuwa kimewapoteza, na bado ndicho alichokibeba, kwa sababu hakuwa na kingine. Hakuwa amepita njia ile akiitazama kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa akifuata mshale. Mtu aliyefuata mshale hana kumbukumbu ya kurudia alikotoka, yaani njia panda ile yenye mti mkubwa, mteremko ule, nyumba ya mwisho aliyoiona ikitoa moshi. Anabaki na mshale.

Desemba 2020 yakatokea mengine kama hayo huko Yakutia, Urusi. Vijana wawili wa miaka 18 walitoka Yakutsk kwenda Magadan, safari ya kilomita karibu 2,000, katika baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Programu iliwapa njia fupi zaidi, nayo ilikuwa kipande cha zamani cha barabara ya Kolyma kilichotelekezwa. Gari liliharibika huko. Mmoja aliganda akafa. Mwenzake aliokolewa akiwa mahututi. Barabara mpya ilikuwepo, inatunzwa, na magari yanapita. Ilikuwa ndefu kidogo tu.

Huko Australia mambo hayakufika kwenye kifo, lakini yalikaribia. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria waliwaonya madereva wasiitumie ramani mpya ya Apple kwenda mji wa Mildura, kwa kuwa ilikuwa imeuweka mji huo katikati ya hifadhi ya Murray-Sunset, kilomita 70 hivi kutoka ulipo, mahali pasipo na maji na ambapo joto hufika nyuzi 46. Madereva kadhaa walikuwa wamekwama huko. Miezi michache kabla, mkuu wa Apple, Tim Cook, alikuwa amekwisha kuwaomba radhi watumiaji kwa ubovu wa ramani hiyo.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu anaendelea mbele? Ni rahisi kusema hawa walikuwa wazembe, na naomba tusiseme hivyo. Dereva hapewi uamuzi mmoja mkubwa wa kuingia jangwani. Hupewa maamuzi mengi madogo: pinda kushoto, endelea mita 800, pinda kulia. Lami inaisha, inaanza changarawe. Changarawe inaisha, yanaanza mabonde mawili ya matairi kwenye majani. Kila hatua inafanana na iliyotangulia, na kioo kinaonyesha zimebaki dakika 40 tu. Kurudi nyuma kunaonekana hasara.

Halafu kuna ile sauti. Ukimuuliza mtu njia, unasikia na mashaka yake. Atasema nadhani, atasema sina hakika na mvua ya juzi, atamwita jirani wabishane mbele yako. Mashaka hayo ni habari kubwa sana kwa msafiri. Simu inatamka kwa utulivu uleule iwe inakupeleka kwenye barabara ya njia nne au kwenye korongo. Haisiti, kwa sababu haina inachokishuku.

Marubani waliliona tatizo hili kabla ya madereva. Mwaka 1997 rubani mkufunzi wa American Airlines, Warren VanderBurgh, alitoa mhadhara uliokuja kujulikana sana, akiwaonya wenzake dhidi ya kugeuka watoto wa ule mstari wa rangi ya zambarau unaochora njia ya ndege kwenye skrini. Shirika lake lilikuwa na sababu chungu ya kulifikiria. Desemba 20, 1995 ndege yake aina ya Boeing 757, ikitoka Miami kwenda Cali nchini Kolombia, iligonga mlima. Marubani waliingiza herufi R kwenye kompyuta wakitarajia iwapeleke kwenye mnara wa redio wa Rozo, karibu na Cali. Kompyuta ikachagua mnara mwingine wenye herufi hiyohiyo, Romeo, ulioko upande wa Bogotá, na ndege ikageuka kuelekea milimani gizani. Kati ya watu 163, walipona wanne.

Unaweza kudhani hilo haliwezi kumpata mtu anayekwenda msibani na Toyota yake. Lakini mwaka 2009 watalii wawili wa Sweden waliotaka kwenda kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia, walikosea herufi wakaandika Carpi, wakajikuta kwenye mji wa viwanda kaskazini mwa nchi, mamia ya kilomita kutoka baharini walikokuwa wakienda. Hapa kwetu hata kukosea herufi si lazima. Kuna Majengo ya Mombasa, ya Nairobi, ya Moshi na ya Dodoma. Kuna Soweto ya Moshi na Soweto ya Mbeya. Na Mbuyuni sijui zipo ngapi. Simu hutoa orodha, kidole kinagusa jina la kwanza, safari inaanza. Kusoma jina la wilaya na mkoa chini ya jina la mahali kunachukua muda mfupi kuliko kufunga mkanda.

Kuna pia hatari ambayo haina uhusiano na mashimo wala maji. Oktoba 2015, huko Niterói nchini Brazili, wenzi wawili walitumia programu ya Waze kutafuta barabara iliyokuwa na jina sawa na mtaa wa eneo lililoshikwa na magenge. Waliingia, gari likamiminiwa risasi, mke akafa. Afrika Kusini, baada ya mashambulizi dhidi ya wageni waliopitishwa Nyanga wakitoka uwanja wa ndege wa Cape Town, mwaka 2023 wizara ya utalii ilizungumza na Google, na Google ikakubali kuacha kuwapitisha watu humo. Mashine inajua umbali wa mtaa. Haijui sifa zake baada ya saa mbili usiku, jambo ambalo dereva yeyote wa teksi wa hapo angekuambia bila kuulizwa.

Wanasayansi nao wamechungulia kinachotokea kichwani. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake wa University College London walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachotunza kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva teksi wa London kuliko kwa watu wengine. Madereva hao hulazimika kuhifadhi kichwani mitaa 25,000 hivi, iliyomo ndani ya kilomita kumi kutoka Charing Cross, kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2017 Hugo Spiers na wenzake, wa chuo hichohicho, walipima ubongo wa watu 24 wakati wakisafiri kwenye mfano wa mitaa ya Soho. Walipotafuta njia wenyewe, hipokampasi yao ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya. Walipoelekezwa kila kona, hapakuonekana mchangamko huo. Mwaka 2020 Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waliwapima madereva 50 na kukuta kwamba waliotumia GPS zaidi maishani walikuwa dhaifu zaidi katika kumbukumbu ya njia pale walipotakiwa kujitegemea.

Sitaki kuyatumia matokeo hayo kutisha watu kwamba simu inaharibu ubongo. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Ninachokiona mimi ni cha kawaida zaidi. Dereva ambaye amepita barabara mara nyingi bila kuijua hana pa kushika pale chaji inapokwisha au mtandao unapokatika. Na mtandao hukatika. Kupokea mawimbi ya satelaiti hakuhitaji bando, ila picha ya ramani kwa kawaida inakuja kupitia intaneti. Usipoipakua kabla hujatoka mjini, utabaki na nukta ya bluu katikati ya kioo kitupu.

Nisije nikaeleweka vibaya: ramani hizi zimetusaidia, na baadhi yake zimechorwa na jasho la watu wetu. Kibera, mtaa wenye maelfu kwa maelfu ya watu jijini Nairobi, ulikuwa kama uwanja mtupu kwenye ramani hadi mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walipotembea vichochoro na kuviweka kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure inayohaririwa na umma. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora kata zao kupitia Ramani Huria, wakiweka mitaro na makalavati ili ijulikane mafuriko yatapita wapi. Mwaka 2022 Tanzania ikaendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapata namba na mitaa ikapata nguzo za majina. Leo mtu anasema nitumie lokesheni, na mgeni anafika.

Hata hivyo tazama dereva wa teksi ya mtandao anavyofanya akifika karibu. Anapiga simu. Uko upande wa sheli au wa msikiti? Geti la rangi gani? Abiria wengi hukasirika, wanaona anawasumbua wakati ramani anayo. Mimi namwona dereva huyo ndiye aliyeelewa kazi yake. Anajua nukta kwenye kioo ni ya mahali, na kwamba habari za ukuta, mtaro na geti lililofungwa ziko kwa mtu.

Ukitoka mjini maarifa hayo yana uzito zaidi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kusini mwa Tanzania, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika sehemu kadhaa maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakakwama siku kadhaa. Hiyo ni barabara kuu ya lami, inayopitiwa na mabasi kila siku. Sembuse njia ya vumbi ya kwenda kijijini, ambayo kalavati lake likizolewa na maji usiku hakuna gazeti litakaloandika? Mstari kwenye ramani haukatiki kwa sababu daraja limekatika. Mpaka mtu aukate.

Madereva wetu wa masafa wana mfumo wao wa habari, nao unafanya kazi. Ukikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, unajua mbele kuna lori limekufa, unapunguza mwendo kabla hujaliona. Anayekuja upande wa pili akikuwashia taa mara mbili tatu, kuna jambo. Kwa mama ntilie wa Chalinze, wa Ilula au wa Makambako, anayetoka Tunduma anamwambia anayekwenda huko kipande gani kimeharibika, wapi kuna matengenezo, wapi ukungu umeshuka. Habari hizo zina umri wa saa chache. Hakuna picha ya angani iliyo mpya kiasi hicho.

Kweli, wenyeji nao wana makosa yao. Ukiuliza umbali utaambiwa ni hapo tu mbele, na hapo tu mbele ikawa saa nzima. Kwa hiyo umbali iachie simu, maana huo inaujua kuliko mtu yeyote. Mwenyeji muulize yale ambayo simu haiyajui: gari dogo linapita? Mto umejaa? Na lililo bora kuliko yote: kuna gari limepita leo? Ukiambiwa tangu juzi halijapita hata moja, tafuta kwingine, hata kama kioo kinasema zimebaki dakika 12.

Wala si haki kuibebesha simu lawama zote. Desemba 4, 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye Mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, Kenya, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hapakuwa na suala la GPS pale. Maji yalionekana wazi, na watu walikuwa wamesimama ukingoni, wengine wakirekodi kwa simu zao. Kutaka kufika kumekuwa kukiua watu tangu kabla ya satelaiti ya kwanza kurushwa. Kinachofanywa na ramani ya simu ni kumpa mwenye haraka sababu moja zaidi ya kuamini kwamba atafika, tena sababu yenye sura ya kitaalamu, yenye saa na dakika.

Ndiyo maana naona kazi hii si ya dereva peke yake. Mamlaka za barabara za Tanzania, TANROADS na TARURA, na wenzao wa Kenya kama KeNHA, hutangaza kufungwa kwa barabara kwa taarifa kwa vyombo vya habari, kwa redio, na kwa picha ya barua yenye mhuri inayosambazwa mitandaoni. Binadamu anaisoma. Mashine inayompangia dereva njia haiisomi. Taarifa ileile ingeweza kutolewa pamoja na viwianishi vya mahali hasa palipofungwa, tarehe ya kufungwa na ya kufunguliwa, katika mfumo ambao kampuni za ramani zinaweza kuuchukua moja kwa moja. Yaliyofanyika Death Valley na Cape Town yanaonyesha kwamba kampuni hizi hubadilisha njia pale mamlaka inapozifuata na kusema. Serikali zetu tayari zina mahali pa kusemea: LATRA ya Tanzania na NTSA ya Kenya, zinazosimamia usafiri, zinashughulika na kampuni za teksi za mtandao, ambazo kila siku zinawaelekeza maelfu ya madereva kwa ramani hizohizo.

Wilayani pia kuna la kufanya, na halihitaji bajeti wala mkutano. OpenStreetMap inahaririwa na mtu yeyote aliyejisajili, bila malipo, hata kwa simu. Mhandisi wa TARURA anayekwenda kupiga picha kalavati lililozolewa anaweza, kabla hajapanda tena gari lake, kukiandika kipande hicho cha barabara kuwa kimefungwa. Programu zinazotumia data hiyo zitakipata kila zinaposasishwa. Likijengwa jipya, anakifungua.